Maswali na Majibu: Mbio za Elektroni Katika Maada za Tabaka Moja

Toleo lililopita lilikuwa na makala fupi kuhusu grafini, yaani karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja, na maada nyingine zenye unene wa atomu chache, na ndani yake ilitajwa kwa sentensi moja tu kwamba mwendo wa elektroni katika maada hizo hupimwa kwa femtosekunde. Sentensi hiyo moja imeleta barua nyingi kuliko makala yenyewe. Tumechagua zile zinazogusa kiini cha jambo, tukaunganisha zilizofanana, na tumejibu kwa urefu pale ambapo jibu fupi lingepotosha.

Swali: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu hawakubali kwamba kuna maada yenye vipimo viwili tu, kwa kuwa hata karatasi nyembamba kupita zote ina unene. Je, wamekosea?

Jibu: Hawajakosea hata kidogo, Mwalimu, na ni vyema waambiwe hivyo kabla ya kuelezwa lingine lolote. Katika grafiti, ambayo ni rundo la matabaka ya grafini, umbali kati ya tabaka na tabaka ni nanomita 0.335. Salfidi ya molibdenamu, ambayo tabaka lake moja ni safu ya atomu za molibdenamu iliyobanwa kati ya safu mbili za salfa, ina unene unaokaribia nanomita 0.65. Tunaposema maada ni ya vipimo viwili, tunazungumzia uhuru wa elektroni wala si umbo la karatasi. Elektroni inaweza kwenda itakako ndani ya bapa, lakini kuelekea juu au chini imefungiwa, kwa sababu viwango vya nishati katika uelekeo huo vimeachana mno hata joto la kawaida haliwezi kuipandisha kutoka kimoja hadi kingine.

Kufungiwa huko kuna matokeo mawili ambayo yatarudi katika majibu yanayofuata. La kwanza ni kwamba mvuto wa umeme kati ya chaji hasi na chaji chanya huwa mkali zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya uga wake hupita nje ya karatasi, ambako hakuna chaji za kuupunguza nguvu. Mwanga unapoing'oa elektroni kutoka mahali pake katika nusu-kipitishi, yaani maada iliyo kati ya kipitishi na kihami cha umeme, huacha nyuma pengo lenye tabia ya chaji chanya ambalo wanafizikia huliita tundu. Elektroni na tundu hilo huweza kushikamana na kuwa jozi iitwayo eksitoni. Katika nusu-kipitishi cha kawaida kama silikoni, jozi hiyo huvunjwa kwa urahisi na joto la chumba, ambalo nishati yake ni takriban elektronivolti 0.025 (elektronivolti ni kipimo kidogo cha nishati kinachofaa kwa elektroni moja). Katika tabaka moja la salfidi ya molibdenamu, nishati inayoishikilia jozi ni sehemu kadhaa za kumi za elektronivolti, kwa hiyo hudumu hata katika joto la chumba.

La pili ni kwamba maada hubadilika tabia inapopunguzwa hadi tabaka moja. Mwaka 2010 vikundi viwili vya watafiti vilionyesha kwamba salfidi ya molibdenamu, ambayo ikiwa nene hutoa mwanga hafifu sana, hung'aa vizuri ikibaki tabaka moja, kwa sababu kilele cha ukanda wa valensi (nishati za elektroni zilizotulia mahali pake) na bonde la ukanda wa upitishaji (nishati za elektroni zilizong'olewa) hukutana katika momenta ileile, yaani kiasi kilekile cha mwendo na uelekeo wake. Hayo yote yasingewezekana kuchunguzwa kama Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester wasingeonyesha mwaka 2004 kwamba tabaka moja la kaboni linaweza kubanduliwa kutoka kwenye grafiti kwa utepe wa gundi, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2010.

Swali: Mmesema elektroni hupimwa kwa femtosekunde. Ninavyojua mimi, hakuna saa wala kifaa cha kielektroniki chenye kasi hiyo. Kipimo hiki kinapatikanaje, au ni hesabu za kukisia tu?

Jibu: Si za kukisia, na swali hili linastahili nafasi kubwa kwa sababu watu wengi husoma matokeo ya utafiti huu bila kujua yamepatikanaje.

Femtosekunde ni sehemu moja kati ya 1,000,000,000,000,000 za sekunde. Uwiano wake na sekunde moja ni sawa na uwiano wa sekunde moja na zaidi ya miaka milioni 31. Ni kweli kwamba vifaa vya kielektroniki, hata vilivyo bora, huanza kushindwa vinapofika pikosekunde chache, yaani maelfu ya femtosekunde. Watafiti kwa hiyo hawahesabu muda kwa saa. Wanaupima kwa urefu. Mwanga husafiri mikromita 0.3 kwa femtosekunde moja, na mikromita ni kitu ambacho injini ndogo ya kusogeza kioo inaweza kukimudu bila shida.

Kazi huenda hivi. Leza hutoa mpigo mfupi wa mwanga, kwa kawaida wa femtosekunde kati ya 10 na 100. Mpigo huo hugawanywa sehemu mbili na kioo kinachopitisha nusu ya mwanga na kurudisha nusu nyingine. Sehemu ya kwanza, mpigo wa kuamsha, huenda moja kwa moja kwenye sampuli na kuzipa elektroni nishati. Sehemu ya pili, mpigo wa kupimia, huzungushwa kupitia kioo kilichowekwa juu ya reli fupi yenye injini, kisha nayo hufika palepale. Kioo hicho kikisogezwa nyuma mikromita 1, njia ya mpigo wa kupimia hurefuka kwa mikromita 2, kwa kuwa mwanga huenda na kurudi, na mpigo huo huchelewa kwa takriban femtosekunde 6.7. Mtafiti huchukua kipimo, husogeza kioo kidogo, huchukua kingine, na kuendelea hivyo mpaka apate picha ya hatua zote.

Hapa ndipo panapotokea kutoelewana mara nyingi. Hakuna anayeitazama elektroni moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni kama mkulima anayetaka kujua mbegu inavyoota chini ya udongo: hawezi kuitazama mbegu moja bila kuifukua na kuiharibu, kwa hiyo hupanda nyingi kwa wakati mmoja, na kila siku hufukua moja. Mpigo wa kuamsha hurudiwa maelfu au mamilioni ya mara kwa sekunde, kila mara sampuli ikiwa imerudi katika hali yake ya mwanzo, na kila ucheleweshaji hupewa kipimo chake. Kwa hiyo kifaa kinachopokea mwanga mwishoni hakihitaji kuwa na kasi yoyote ya ajabu. Kinaweza kukusanya kwa dakika nzima na bado kikatoa jibu lililo sahihi kwa femtosekunde.

Njia hii ilikwisha kutumika katika kemia kabla ya grafini kubanduliwa. Ahmed Zewail, mzaliwa wa Misri aliyefanya kazi katika taasisi ya Caltech nchini Marekani, alitunukiwa Nobel ya Kemia mwaka 1999 kwa kuonyesha jinsi vifungo vya molekuli vinavyovunjika na kuundwa kwa muda wa femtosekunde. Upande wa leza wenyewe ulipata msukumo mkubwa mwaka 1985, Donna Strickland na Gérard Mourou walipobuni namna ya kuukuza mpigo mfupi bila kuiharibu leza: mpigo hunyooshwa kwanza uwe mrefu na dhaifu, hukuzwa, kisha hubanwa tena. Wao walipata Nobel ya Fizikia mwaka 2018.

Swali: Nimesoma mahali kwamba mwanga wa leza huzipasha elektroni za grafini joto la zaidi ya kelvini 2000. Mbona karatasi yenyewe haiungui?

Jibu: Kwa sababu elektroni na kiunzi cha atomu si kitu kimoja, na kwa muda mfupi sana vinaweza kuwa na halijoto mbili tofauti mahali palepale. Hili ni jambo ambalo katika maisha ya kawaida hatuna nafasi ya kuliona.

Tufuate mpigo mmoja. Grafini hufyonza asilimia 2.3 ya mwanga unaoipitia, kiasi ambacho ni kikubwa kwa kitu chenye unene wa atomu moja, na kinachovutia ni kwamba namba hiyo haitokani na sifa yoyote ya pekee ya kaboni bali ni π mara namba thabiti ya fizikia inayokaribia 1/137. Fotoni, yaani chembe ya mwanga, ya leza inayotumika mara nyingi ina nishati ya elektronivolti 1.55. Kwa kuwa nishati za elektroni na za matundu katika grafini zina ulinganifu, nusu ya nishati hiyo huenda kwa elektroni na nusu kwa tundu, takriban elektronivolti 0.78 kila upande. Wakati huo haiwezekani kuzungumzia halijoto, kwa sababu elektroni zilizoamshwa zote zimerundikana katika nishati moja.

Ndani ya makumi machache ya femtosekunde elektroni hizo hugongana zenyewe kwa zenyewe na kugawana nishati mpaka mgawanyo wake uwe ule unaotarajiwa katika kitu chenye halijoto inayojulikana. Elektroni zilizo karibu na kiwango ambapo nishati za elektroni na za matundu hukutana katika grafini ni chache, hivyo uwezo wake wa kuhifadhi joto ni mdogo mno, na nishati kidogo tu huzipandisha hadi zaidi ya kelvini 2000. Kiunzi cha atomu bado hakijajua lolote.

Kisha huanza kupoa. Elektroni hutoa nishati kwa kuzitikisa atomu, na mitikisiko hiyo, iitwayo fononi, katika grafini ina kifurushi cha nishati kikubwa kinachokaribia elektronivolti 0.2, kwa sababu atomu za kaboni ni nyepesi na vifungo vyake ni vigumu. Elektroni yenye 0.78 inaweza kutoa fononi za aina hiyo tatu hivi, na hufanya hivyo katika femtosekunde mia kadhaa. Ikishafika chini ya 0.2 haiwezi tena kutoa kifurushi kizima, na hapo kasi ya kupoa hushuka ghafla. Sehemu iliyobaki hutoka polepole kupitia mitikisiko yenye nishati ndogo, ikichukua pikosekunde kadhaa, na kasoro katika kiunzi huiharakisha kwa kuchukua sehemu ya momenta ambayo vinginevyo ingezuia mgongano. Napenda kuwakumbusha wasomaji kwamba sampuli safi zaidi, katika jambo hili, ndiyo inayopoa polepole zaidi.

Mwishoni, joto linapoenea katika kiunzi chote, halijoto ya jumla huongezeka kwa kiasi kidogo, kwa sababu uwezo wa kiunzi kuhifadhi joto ni mkubwa kupita ule wa elektroni kwa mara nyingi sana. Nishati ni ileile. Aliyeibeba ndiye aliyebadilika.

Swali: Ndugu Mtaalamu, mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Matabaka mawili yaliyowekwa moja juu ya jingine hushikana kwa nguvu dhaifu za van der Waals. Itakuwaje basi elektroni iruke kutoka tabaka moja hadi jingine kwa femtosekunde chache? Nilitarajia udhaifu wa kifungo uifanye safari kuwa ya polepole.

Jibu: Matarajio yako yalikuwa pia matarajio ya wengi waliokutangulia, na ndiyo sababu matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalizua mjadala mrefu. Watafiti waliweka tabaka moja la salfidi ya molibdenamu pamoja na tabaka moja la salfidi ya tangisteni. Viwango vya nishati vya maada hizi mbili vimepishana kwa namna ambayo elektroni hupata nafasi ya chini zaidi katika salfidi ya molibdenamu, na tundu hupata nafasi iliyo bora zaidi katika salfidi ya tangisteni. Waliamsha salfidi ya molibdenamu peke yake kwa rangi ya mwanga ambayo salfidi ya tangisteni haiifyonzi, kisha wakatazama ni lini salfidi ya tangisteni ingeonyesha dalili ya kupokea tundu. Dalili hiyo ilionekana ndani ya femtosekunde 50. Katika muda huo mwanga wenyewe husafiri mikromita 15 tu.

Vikwazo vilivyotarajiwa vilikuwa vitatu. Kifungo kati ya matabaka ni dhaifu, kama ulivyosema. Elektroni na tundu lake zimeshikana kwa nguvu kubwa, kwa hiyo kuzitenganisha kunahitaji gharama ya nishati. Tena, matabaka yanapowekwa kwa mkono bila kulinganishwa, kiunzi kimoja huwa kimezungushwa dhidi ya kingine kwa pembe yoyote ile, na hali zenye momenta fulani katika tabaka la chini hazipati hali zenye momenta hiyohiyo katika tabaka la juu. Kikwazo cha tatu ndicho kilichoonekana kuwa kizito zaidi, lakini vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba kuibadilisha pembe hakuathiri sana kasi ya uhamisho.

Ufumbuzi unaoungwa mkono zaidi hivi sasa ni kwamba elektroni haipiti kwa njia iliyonyooka. Katika maada za jamii hii, hali za elektroni zilizo katika pembe za eneo la momenta, ambazo wanafizikia huzipa herufi K, zimejengwa kwa obiti (maeneo ambamo elektroni hukaa kuizunguka atomu) za atomu za metali zilizo katikati ya tabaka, kwa hiyo zimefichika na hazigusani na jirani. Lakini zipo hali nyingine, katikati ya eneo hilo kwa upande wa matundu na takriban nusu ya njia kuelekea K kwa upande wa elektroni, ambazo obiti za salfa au seleniamu zina sehemu kubwa ndani yake. Atomu hizo ziko nje, usoni kabisa mwa tabaka, kwa hiyo hali hizo humwagika hadi tabaka la pili na kuwa mali ya matabaka yote mawili. Elektroni hugongwa na fononi, huingia katika hali hiyo ya pamoja, kisha fononi nyingine huiteremsha katika bonde la K la tabaka la pili. Fononi ndizo zinazolipa deni la momenta, na kwa hiyo pembe hupoteza umuhimu. Mwaka 2022 kikundi cha Göttingen nchini Ujerumani kilifuata hatua hizi moja baada ya nyingine katika matabaka ya selenidi ya tangisteni na salfidi ya molibdenamu kwa kuzitoa elektroni nje na kupima momenta zake, na njia ya kupitia hali ya pamoja ilionekana waziwazi.

Safari ikishakamilika, elektroni iko tabaka moja na tundu liko jingine. Bado zinavutana, kwa kuwa umbali kati yake haufiki nanomita moja, na jozi hiyo huitwa eksitoni ya kati ya matabaka. Hapa kuna jambo ambalo mimi binafsi naliona kuwa la maana kuliko kasi yenyewe. Ili jozi hiyo iungane na kutoa mwanga, elektroni na tundu lazima zipishane mahali pamoja, na sasa zimetengwa. Kipimo cha mwaka 2015 kilichofanywa kwa selenidi ya molibdenamu na selenidi ya tangisteni kilitoa uhai wa takriban nanosekunde 1.8. Ukigawanya muda huo kwa femtosekunde 50 unapata 36,000. Ni kweli kwamba namba hizo mbili zimetoka katika maada zisizo sawa kabisa, lakini ukubwa wa tofauti unabaki: mlango unaofunguka upesi kwenda huwa mzito sana kurudi, na sababu ni kwamba nishati iliyopotea kwa fononi wakati wa kwenda haipo tena ya kulipia kurudi.

Swali: Je, hizi ndizo atosekunde zilizopewa Nobel mwaka 2023?

Jibu: Ni jirani zake. Pierre Agostini, Ferenc Krausz na Anne L'Huillier walitunukiwa kwa mbinu za kutengeneza mipigo ya mwanga ya atosekunde, na atosekunde ni sehemu ya elfu ya femtosekunde. Katika kielelezo cha kale cha atomu ya hidrojeni, elektroni huuzunguka mzingo wake wa chini kwa atosekunde takriban 150. Migongano na upoaji tulioueleza huchukua muda mrefu zaidi ya huo, kwa hiyo mpigo wa makumi ya femtosekunde hutosha. Kinachohitaji atosekunde ni hatua ya awali kabisa, wakati elektroni bado zinayumbishwa na uga wa mwanga wenyewe, ambao kwa leza ya nanomita 800 hukamilisha mzunguko mmoja kwa femtosekunde 2.7.

Swali: Mimi ni fundi wa vifaa vya kielektroniki. Kama elektroni huhama kwa femtosekunde 50, kwa nini tusitegemee kompyuta zenye kasi mara elfu?

Jibu: Kwa sababu, Fundi, kompyuta haicheleweshwi na elektroni kuvuka unene wa atomu chache. Wewe unajua kuliko wengi kwamba kila waya una ukinzani na kila kiungo kina kapasita, na kwamba kuzijaza na kuzimwaga kapasita hizo ndiko kunakokula muda na kutoa joto. Marudio ya saa ya vichakato yamekwama katika gigahezi chache tangu katikati ya miaka ya 2000 kwa sababu ya joto, na tabaka la atomu tatu halitaliondoa tatizo hilo kwa kuwa na uhamisho wa haraka ndani yake. Vichwa vya habari vinavyogawanya moja kwa femtosekunde 50 na kutangaza kompyuta ya terahezi 20 vinafanya hesabu sahihi juu ya jambo lisilohusika.

Manufaa yapo mahali pengine. Katika seli za jua, mbio ni kati ya kuzitenganisha chaji na kuziacha ziungane tena au zipoteze nishati kama joto. Kasi ya uhamisho ndiyo inayoamua mshindi. Kikomo cha ufanisi cha seli yenye kiungo kimoja, kilichokokotolewa na wanafizikia Shockley na Queisser mwaka 1961, hukaribia asilimia 33, na sehemu kubwa ya hasara inayokileta ni ile nishati ya ziada ambayo elektroni huimwaga kwa fononi kabla ya kukusanywa. Kujua kwamba hasara hiyo hutokea ndani ya femtosekunde mia kadhaa ni kujua una muda gani wa kuiwahi. Katika mawasiliano ya nyuzi za mwanga, kitambuzi cha grafini kilichotengenezwa na watafiti wa IBM kilionyeshwa mwaka 2009 kikifanya kazi hadi gigahezi 40, na grafini hutumika pia ndani ya leza kama kichujio kinachopitisha mwanga mkali na kuzuia ulio hafifu, kazi inayowezekana kwa sababu tu elektroni zake huamka na kupoa upesi.

Lipo pia jambo moja la pembeni ambalo huenda likakuvutia. Salfidi ya tantalamu, maada nyingine ya matabaka, inaweza kugeuzwa kutoka hali ya kihami hadi hali inayopitisha umeme kwa mpigo mmoja wa femtosekunde 35, ikabaki hivyo katika halijoto ya chini sana mpaka ipashwe joto. Watafiti wa Ljubljana nchini Slovenia waliripoti hili mwaka 2014. Hiyo ni kumbukumbu inayoandikwa kwa mwanga, ingawa sharti la ubaridi bado linaiweka mbali na karakana yako.

Swali: Kwa nini wanaozipima momenta za elektroni hawatumii mipigo mifupi kuliko yote inayopatikana, ili waone kila kitu?

Jibu: Kwa sababu mpigo mfupi ni lazima uwe na rangi nyingi, na rangi nyingi ni nishati isiyojulikana kwa uhakika. Mpigo wa femtosekunde 10 uliotengenezwa vizuri kadiri iwezekanavyo una upana wa takriban elektronivolti 0.18, wa femtosekunde 100 una 0.018. Ukitaka kuona tofauti ya nishati kati ya eksitoni mbili zinazopishana kwa sehemu ya mia ya elektronivolti, huwezi kutumia mpigo wa kwanza, na ukitaka kuona uhamisho wa femtosekunde 50, wa pili utakuficha. Hakuna fedha wala ustadi utakaoliondoa sharti hilo, kwa kuwa ni la asili ya mawimbi. Mtafiti mzuri hutambulika kwa namna anavyochagua ni kipi akubali kutokukiona.

Kuna kizuizi cha pili kisichotajwa mara nyingi. Elektroni ikitolewa nje ya sampuli na fotoni, momenta yake iliyo sambamba na uso haiwezi kupita ile inayoruhusiwa na nishati iliyobaki nayo. Ili kuzifikia hali za K katika grafini, fotoni inahitaji zaidi ya elektronivolti 15, na kwa hiyo leza yenye elektronivolti 6, ambayo ni rahisi kuitengeneza, haizioni kabisa. Ndiyo sababu maabara hizi huelekeza leza katika gesi kama vile argoni au kriptoni, ambayo huugeuza mwanga kuwa wa nishati ya juu zaidi. Kwa mbinu ya aina hii, kikundi cha taasisi ya OIST iliyoko Okinawa nchini Japani kilizionyesha moja kwa moja, mwaka 2020, eksitoni za giza katika tabaka moja la selenidi ya tangisteni, yaani jozi ambazo elektroni na tundu lake zina momenta tofauti na kwa hiyo haziwezi kufyonza wala kutoa mwanga zenyewe. Kwa miaka kadhaa zilikuwa zikijulikana kwa ushahidi wa kuzunguka tu.

Swali: Je, mwanga huo wote hauiharibu sampuli yenyewe?

Jibu: Unaweza kuiharibu, na mara nyingine huiharibu. Leza inayopiga mara 1,000 kwa sekunde huipa sampuli milisekunde nzima ya kupumzika kati ya mpigo na mpigo, muda ambao ni mrefu kupita kiasi ukilinganishwa na matukio yanayochunguzwa; lakini leza zinazopiga mara mamilioni hulimbikiza joto, na hewa ikiwapo, oksijeni huanza kuila maada kwenye kasoro zake. Kwa hiyo sampuli huwekwa katika ombwe, au hufunikwa juu na chini kwa nitridi ya boroni, ambayo nayo ni maada ya matabaka isiyofyonza mwanga unaoonekana. Hata hivyo kinga ya kutegemewa zaidi ni ya utaratibu: baada ya saa kadhaa za vipimo, mtafiti hurudisha kioo mahali kilipoanzia na kurudia kipimo cha kwanza. Kikitofautiana na kile cha asubuhi, vipimo vya siku nzima hutupwa.